Meseji za wingi kwa taarifa za shule: uzoefu wangu na huduma hii

Hii ni tathmini ya huduma ya kutuma SMS kwa wingi: unajisajili mtandaoni, unanunua salio la meseji, unapakia namba za wazazi, kisha taarifa moja inakwenda kwa watu mia kadhaa kwa kubonyeza mara moja. Mimi naitumia kwa niaba ya kamati ya shule ya umma, kuwajulisha wazazi na majirani wa shule kuhusu ujenzi, ukarabati, vipindi vya ziada, chakula cha mchana na mikutano. Kampuni zinazotoa huduma hii ni nyingi na kurasa zao zinafanana kama mapacha, kwa hiyo nitakayosema yanahusu huduma yenyewe, si kampuni fulani. Naipa nyota nne kati ya tano. Inafanya kazi yake, ila haimsamehe mtu asiyehesabu herufi wala asiyetunza orodha.

Kwanza kwa nini SMS, wakati kila mtu anasema fungua kundi la WhatsApp. Kundi ni zuri kwa mazungumzo. Kwa taarifa rasmi lina kasoro tatu. Namba ya kila mzazi inaonekana na wote. Taarifa ya saa 2 asubuhi inafukiwa na salamu na matangazo ya biashara kabla ya saa 4. Na mwenye simu ya kitochi hayumo kabisa, huku mara nyingi yeye ndiye anayekaa jirani na shule. Kundi moja linabeba watu 1024, hiyo si shida. Wengine hutumia orodha ya kutuma kwa pamoja badala ya kundi, ambayo mwisho wake ni watu 256, lakini ujumbe humfikia tu yule aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Asiyeihifadhi hapati kitu, na hutaambiwa kwamba hakupata. SMS haiulizi bando, haiulizi aina ya simu.

Sasa hesabu, maana hapo ndipo salio linapoyeyuka. Meseji moja ina nafasi ya baiti 140 (baiti ni kipimo cha ukubwa wa data). Kwa herufi za kawaida hizo ni herufi 160, nukta na nafasi tupu zikiwemo. Ukizidisha hata moja, ujumbe unakatwa vipande, na kila kipande kinabeba herufi 153 tu, kwa sababu nafasi ya herufi saba inachukuliwa na maelekezo ya kuiambia simu jinsi ya kuunga vipande hivyo. Herufi 161 ni vipande viwili. Herufi 307 ni vitatu. Mzazi ataona ujumbe mmoja mrefu. Wewe utakatwa vitatu.

Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni ritifaa, ile alama ndogo ya juu katika ng'. Kuna ile iliyonyooka, ambayo imo katika seti ya kawaida ya herufi za simu, na kuna iliyopinda, ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe bila kukuuliza. Iliyopinda haimo. Ikiingia moja tu, ujumbe wote unahamia Yunikodi, mfumo unaobeba herufi za lugha zote, na huko kipande kimoja ni herufi 70, vikiungana ni 67 kwa kila kimoja. Sisi tunaoandika Kiswahili tuna ng' kila mahali, kwa hiyo mtego huu unatunasa kuliko wengine. Tazama huu:

Paa lililong'oka darasa la 5 limeezekwa upya. Wanafunzi wanarudi humo Jumatatu. Dari bado. Hesabu iko ubaoni. Maswali: ofisini Jumatano saa 8 mchana.

Hizo ni herufi 149, meseji moja. Nakili maneno hayohayo kutoka kwenye programu iliyopindisha ritifaa ya "lililong'oka", na yanakuwa vipande vitatu. Kwa orodha ya namba 600, meseji 600 zimegeuka 1800 kwa sababu ya alama ambayo jicho halioni tofauti yake. Wahalifu wengine ni kistari kirefu, alama za nukuu zilizopinda, vitone vya orodha, nukta tatu zilizounganishwa kuwa alama moja, na emoji. Mabano ya mraba hayabadilishi mfumo, ila kila moja huhesabiwa kama herufi mbili.

Dawa yake: andika moja kwa moja kwenye kisanduku cha huduma, au kwenye programu ya maandishi matupu, si kwenye ile ya kuandikia barua. Kisha tazama kihesabio chini ya kisanduku. Kikionyesha vipande vitatu kwa maneno machache, futa alama zote zisizo herufi, uziandike upya moja moja hadi namba ishuke. Baadhi ya huduma hubadilisha alama hizo zenyewe kabla ya kutuma. Ukikuta yenye uwezo huo, iwekee alama ya ziada unapolinganisha.

Mtego wa pili uko kwenye majina ya kujazwa. Huduma nyingi zinakuruhusu kuweka nafasi ya jina ili kila mzazi aanze na jina lake. Inapendeza, lakini baadhi ya vihesabio huhesabu ile nafasi na si jina litakaloingia. Ujumbe wenye herufi 150 pamoja na jina fupi unavuka 160 kwa mzazi mwenye majina matatu. Nikitaka majina, naacha pengo la herufi 25. Mara nyingi siyaweki. Taarifa ya paa haihitaji jina la mtu.

Kuhusu maneno yenyewe: ujumbe wa shule una ugonjwa wa kuanza na utangulizi. "Tunapenda kuwataarifu wazazi na wadau wote kwamba shule yetu imepiga hatua kubwa katika kuboresha mazingira ya kujifunzia" tayari ni herufi zaidi ya 120, na msomaji hajajua kama ni choo, ni dawati au ni rangi ya ukuta. Ninafuata mpangilio huu: kitu gani, kiasi gani kimekamilika kati ya kiasi gani, nini bado, hesabu iko wapi, aulizwe nani na lini. "Madawati 40 kati ya 65 yametengenezwa" inaeleweka na inaweza kukaguliwa na yeyote anayeingia darasani. "Tumeboresha madawati" haikaguliki. Sehemu ya "bado" watu huiogopa, wakidhani inaharibu sura ya shule. Ukiiacha, mzazi atakayefika na kukuta dari haipo ataitilia shaka na taarifa ijayo.

Kwa programu za masomo, weka darasa, siku, saa, malipo na cha kuja nacho: "Kusoma kwa ziada darasa la 2 na 3 kunaanza Jumanne, saa 9 hadi 10 alasiri. Hakuna malipo. Mtoto aje na daftari 1." Hilo la malipo lisikosekane hata kama ni bure. Lisipoandikwa, wapo watakaodhani kuna mchango na kumwacha mtoto nyumbani, na hawatauliza.

Orodha ya namba ndiyo kazi kubwa, na hakuna kampuni itakayokufanyia. Faili yangu ni jedwali la kompyuta lenye safu tano: namba, jina la mzazi au mlezi, darasa la mtoto, mtaa, na tarehe namba ilipohakikiwa mara ya mwisho. Kabla ya kuandika namba hata moja, badilisha safu ya namba iwe ya maandishi. Usipofanya hivyo, jedwali litakula sifuri ya mwanzo kwa sababu linadhani ni tarakimu ya hesabu. Namba za kimataifa zenye tarakimu 12 ni mbaya zaidi: jedwali huzionyesha kwa ufupisho unaoishia na E+11, na ukihifadhi faili ikiwa hivyo kwa muundo wa CSV (maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato), tarakimu za mwisho zimepotea moja kwa moja. Hazirudi kwa kubadilisha safu baadaye. Kosa hilohilo hutokea ukiifungua CSV nzuri kwa kuibofya mara mbili kisha ukaihifadhi tena. Weka faili mama, yaani orodha yako kamili, katika muundo wa jedwali wa kawaida, na CSV iwe nakala ya kupakia tu, isifunguliwe tena.

Mzazi mwenye watoto watatu atapata meseji tatu zilezile usipoondoa namba zilizojirudia. Hapa kuna kosa la pupa: watu huondoa marudio kwenye faili mama, na mzazi yule anabaki kwenye darasa moja tu. Siku ya taarifa ya darasa la 6 hapati chochote. Acha marudio kwenye faili mama, uyaondoe kwenye nakala ya kutumia siku hiyo. Huduma nyingi zina kitufe cha kufanya hivyo wakati wa kutuma. Hakikisha kimewashwa kabla ya kila taarifa ya shule nzima.

Namba nazo hubadilisha wenyewe. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa, na baadaye mtandao unaweza kumpa mtu mwingine kabisa. Kwa sababu hiyo matokeo ya mtihani, ada anayodaiwa mtu na mambo ya nidhamu hayaendi kwa njia hii, hata kama mwalimu amesisitiza kwamba ni haraka.

Ripoti ya kufika isomwe kwa makini. "Imetumwa" maana yake huduma imeukabidhi ujumbe kwa mtandao wa simu, basi. "Imefika" maana yake simu imeupokea, jambo ambalo si sawa na kusomwa. "Muda umekwisha" ni simu iliyozimwa au isiyo na mtandao hadi muda wa kungoja ukapita, na "imeshindikana" mara nyingi ni namba mbovu. Msiishike ripoti dakika kumi baada ya kutuma, kwa kuwa simu zilizozimwa bado zinangojwa. Mimi huipakua baada ya siku mbili. Namba iliyoshindikana mfululizo inapelekwa kwa mwalimu wa darasa ili mtoto alete mpya. Bila hatua hiyo orodha inaoza taratibu, na unaendelea kulipia maana kampuni nyingi hukata salio kwa ujumbe uliotumwa, ufike usifike. Hii ndiyo sehemu kubwa ya ile nyota niliyoikata.

Jina la mtumaji, lile linaloonekana badala ya namba, lina mwisho wa herufi 11. Katika nchi nyingi lazima lisajiliwe na mitandao, na huombwa barua ya shule, kwa hiyo lianzeni kabla ya siku mnayoihitaji. Likishapatikana linasaidia sana kutofautisha taarifa ya kweli na matapeli wanaotumia jina la shule kuomba pesa. Hasara yake ni kwamba mzazi hawezi kujibu: akibonyeza jibu, ujumbe hauendi popote. Ndiyo maana kila meseji yangu ina mahali na saa ya kuuliza. Kuna huduma za namba inayopokea majibu, ila gharama yake ni ya juu na lazima awepo mtu wa kusoma majibu hayo kila siku. Kama hayupo, bora msinunue. Kuuliza ukanyamaziwa kunaudhi kuliko kukosa pa kuulizia.

Kwa wasiosoma, baadhi ya kampuni hupiga simu yenye sauti iliyorekodiwa. Nzuri kwa mikutano. Rekodi kwa sauti ya mtu wanayemfahamu, taja shule na jambo lenyewe ndani ya sekunde kumi za mwanzo, kwa sababu baada ya hapo wengi hukata.

Huduma hii haitoshi peke yake, na sidhani ilitengenezwa itoshe. Herufi 160 haziwezi kubeba hesabu ya ukarabati. Kazi yake ni kumwambia mtu kuna jipya na liko wapi. Hesabu inakaa kwenye ubao wa matangazo: karatasi moja yenye jedwali la kazi, fedha zilizopokelewa, zilizotumika, zilizobaki, tarehe na sahihi mbili, ya mwalimu mkuu na ya mwenyekiti wa kamati. Ubao uwe upande wa nje ya geti au mahali mzazi anapofika bila kuomba ruhusa. Karatasi iwe imebandikwa kabla meseji haijatoka. Mkituma "hesabu iko ubaoni" na ubao ukawa mtupu, watu hawatakuja mara ya pili.

Kabla ya kununua salio, uliza mambo manne: salio linakwisha muda baada ya siku ngapi, meseji isiyofika inakatwa au inarudishwa, wanafikisha kwenye mitandao yote ya simu iliyopo eneo lenu, na ripoti zinahifadhiwa kwa muda gani. Kisha jaribu kwa namba tano za mitandao tofauti, mojawapo ikiwa ya kitochi, na uangalie meseji zilivyofika, si ripoti inavyosema. Msinunue salio la mwaka mzima kwa sababu ya punguzo kama lina tarehe ya mwisho, maana miezi ya likizo shule haitumi karibu chochote.

Na akaunti ifunguliwe kwa barua pepe na namba ya shule. Zikiwa za mwalimu binafsi, siku anapohamishwa kituo, nywila, salio na jina la mtumaji vinaondoka naye, na kuvirudisha kunadai barua upya na kusubiri usajili kama mara ya kwanza. Watu wawili wawe na uwezo wa kuingia, faili mama ikae pia kwenye diski ofisini, na kila kiongozi wa kamati anapobadilika, nywila ibadilishwe siku hiyohiyo ya makabidhiano.