Kozi ya Kupanga Operesheni za Majeshi ya Mataifa Mengi: Amri Inafundishwa Vizuri, Ridhaa Inapitwa Haraka

Kozi hii ya masafa imeandaliwa kwa ajili ya maafisa wanadhimu, yaani wale wanaomsaidia kamanda kupanga na kuandika amri, wanaotarajiwa kufanya kazi katika makao makuu ya vikosi vya mataifa mengi, na inaahidi kumwongoza mwanafunzi tangu jukumu linapopokelewa hadi amri ya operesheni inapotiwa saini na kamanda. Kwa sehemu kubwa ahadi hiyo imetimizwa. Pale ambapo haikutimizwa, hata hivyo, ni mahali penye uzito.

Somo lililo bora kuliko yote ni lile la mamlaka ya kamanda. Linaeleza bila kuzunguka kwamba amri kamili juu ya askari haiondoki mikononi mwa nchi yao, na kwamba anachokabidhiwa kamanda wa kikosi cha mataifa mengi kwa kawaida ni udhibiti wa kioperesheni: anaweza kukipa kikosi jukumu lililowekewa mipaka ya kazi, muda na eneo, lakini utawala na lojistiki hubaki kwa nchi iliyokileta, na kwa taratibu za muungano wa kijeshi wa NATO hana ruhusa ya kukimega kikosi hicho ili atumie sehemu zake mbalimbali apendavyo. Mfano uliochaguliwa ni wa Pristina, Kosovo, Juni 1999, ambapo Jenerali Mike Jackson wa Uingereza, aliyekuwa akiongoza KFOR, kikosi cha kulinda amani Kosovo kilichoongozwa na NATO, alikataa kutekeleza agizo la mkuu wake katika NATO, Jenerali Wesley Clark wa Marekani, la kuziba njia za kurukia ndege katika uwanja ambao askari wa Urusi walikuwa wameshaufikia. Kisa hicho husimuliwa zaidi kama ugomvi wa majenerali wawili. Hapa kinasomwa kama suala la upangaji, yaani ni nani mwenye haki ya kusema hapana, anaisemea wapi, na mpangaji alipaswa kulijua hilo katika hatua gani. Usomaji huo peke yake unastahili ada ya kozi.

Muundo wa amri wenye aya tano, yaani hali, jukumu, utekelezaji, huduma na lojistiki, kisha uongozi na mawasiliano, umepitwa kwa haraka, na ni sawa, kwa sababu afisa yeyote anayejiunga huwa ameshauzoea katika jeshi lake. Faida iko katika zoezi la kuandika sentensi ya jukumu. Mwanafunzi anapewa rasimu isemayo, "Batalioni ya Pili itasaidia kulinda daraja mapema iwezekanavyo," kisha anaulizwa maswali makavu: itamsaidia nani, daraja lipi, mapema kwa saa ya nchi gani, na kwa lengo gani? Rasimu iliyosahihishwa inasomeka, "Batalioni ya Pili itashika na kulinda daraja la kusini kabla ya 140300Z ili msafara wa misaada uvuke mto." Herufi Z mwishoni humaanisha saa ya ulimwengu, ambayo haimtegemei mtu kuwa yuko wapi, na kundi la tarakimu huanza na tarehe (hapa 14), kisha saa na dakika (0300). Afisa aliyezoea kuongea na watu waliosoma chuo kimoja naye atashangaa kuona ni mambo mangapi alikuwa akiyaachia msikilizaji ajijazie mwenyewe.

Upungufu mkubwa unaonekana kwenye masharti ya kitaifa, yaani yale mambo ambayo kila nchi imeyakataza kwa askari wake: kutovuka mpaka fulani, kutofanya doria usiku, kutotumia silaha isipokuwa katika kujilinda. Kozi inayaweka masharti hayo katika kiambatisho cha kanuni za matumizi ya nguvu, kana kwamba ni jambo la kukaguliwa baada ya mpango kukamilika. Mpangaji anayefuata mtiririko huo atachora njia tatu za utekelezaji, atazipima, atachagua moja, halafu atagundua kwamba kikosi cha akiba alichokitegemea hakina ruhusa ya kuingia eneo lenyewe. Masharti hayo yalipaswa kuwa mezani tangu uchambuzi wa jukumu, kwenye jedwali linaloonyesha kila kikosi, kinachoweza kufanya, kisichoweza, na anayeombwa ruhusa endapo hali itabadilika.

Kinachosikitisha zaidi ni kwamba mifano ya wazi ipo na haikutumiwa. Azimio namba 2098 la Baraza la Usalama, la Machi 2013, liliunda ndani ya MONUSCO, misheni ya Umoja wa Mataifa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, brigedi maalumu ya kuingilia kati yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kuipa mamlaka ya kuyashambulia makundi yenye silaha, ilhali vikosi vingine vya misheni hiyohiyo havikupewa jukumu kama hilo. Kumwandikia amri kamanda mwenye vikosi vya aina hizo mbili chini ya bendera moja ni mtihani ambao ungemfunza mwanafunzi mengi kuliko visiwa vya kubuni vilivyojaa katika mazoezi ya kozi. Vivyo hivyo AMISOM, misheni ya Umoja wa Afrika nchini Somalia, iliyoanza mwaka 2007 na kugawanywa katika sekta zilizosimamiwa kwa kiasi kikubwa na nchi mojamoja, haitajwi popote. Mwandishi wa kozi ameangalia NATO tu.

Kasoro ya pili inatokana na hiyo ya kwanza. Kozi inafundisha kanuni ya kawaida ya muda, kwamba makao makuu yatumie theluthi moja ya muda uliopo na kuwaachia walio chini theluthi mbili. Ndani ya jeshi moja kanuni hiyo haina mjadala. Katika muungano, batalioni inayopokea amri huwa bado ina safari ya pili ya kuomba ridhaa nyumbani, na wizara ya ulinzi haifanyi kazi kwa saa za kamanda wa medani. Amri ya tahadhari, yaani taarifa ya awali inayotangulia amri kamili ya operesheni, ambayo kozi inaitaja kwa aya moja, ndiyo chombo cha kuianzisha safari hiyo mapema, na afisa kiungo, anayeunganisha makao makuu na kikosi cha nchi nyingine, ndiye wa kuisukuma. Huyu wa mwisho ameelezwa kama mpeleka barua.

Lojistiki imeshughulikiwa vya kutosha, hasa maelezo ya utaratibu wa Umoja wa Mataifa wa kuikodi zana ya nchi mwanachama pamoja na matengenezo yake au bila matengenezo, jambo ambalo huamua ni nani atakayetafuta vipuri gari linapokwama.

Tathmini ya mwisho husahihishwa na programu, nayo inakagua kama vichwa vyote vya amri vipo, si kama amri inatekelezeka. Kwa hiyo namshauri afisa mwenye uzoefu wa unadhimu aichukue kozi hii pamoja na wenzake wawili au watatu, ikiwezekana wa majeshi tofauti, wabadilishane rasimu, na kila mmoja aisome amri ya mwenzake kisha amweleze kwa maneno yake kile alichoelewa kwamba ameagizwa kufanya.