Mbunge wetu: nyota nne, na ya tano bado naishikilia

Mimi huuza chapati na ndengu kwa watu wa mjengo, huku Eastlands, Nairobi. Maisha yangu ni unga na mafuta ya kupima. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipokuja na ushuru wa asilimia 25 kwa mafuta ya kupikia na kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 kwa mkate, nilikosa usingizi. Chapati ya shilingi 20 singeweza kuiuza 25. Fundi wa kibarua angekunywa chai kavu arudi kazini.

Mbunge wetu alikuja uwanjani Jumamosi moja, akakaa nasi kwenye benchi, akasema kura yake ni La. Ahadi tumezizoea. Lakini tarehe 18 Juni kamati ya fedha iliondoa mkate na mafuta, na hapo ndipo wengi walipata njia ya kusema mswada sasa umetengenezwa. Yeye pia angepita hapo, na pengine nisingemlaumu. Hakupita. Tarehe 25 walioukubali walikuwa 195, waliokataa 106, na jina lake lilikuwa kwa wale 106. Niliisoma orodha mara mbili, huku simu ikiniletea picha za vijana waliopigwa risasi nje ya Bunge. Nililia. Kesho yake Rais akakataa kuutia saini.

Kura ile imenifanya nimwamini, na nasema hivyo mbele ya yeyote.

Nyota ya tano ni hii. Julai ya mwaka uo huo, ushuru wa matengenezo ya barabara ulipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita ya petroli na dizeli. Haukuja kama mswada. Waziri aliutangaza kwenye gazeti la serikali. Mbunge wetu sikumsikia. Gunia langu la ndengu hutoka kwenye maduka ya nafaka ya Nyamakima, mjini, kwa gari, na mwenye gari hanibebei bure. Tulimhitaji hapo vilevile, hata kama hapakuwa na kura wala kamera.

Ofisini kwake wahudumu wana heshima, ila fomu ya basari ya kijana wangu wa kidato cha pili imekaa huko tangu Januari. Akirudi uwanjani nitaketi benchi la mbele, nimuulize habari ya ile shilingi saba kwanza, kisha fomu.