Kuku walijua, mtaalamu wa bustani hakujua

Nimevumilia sana ila leo naandika. Ni ile huduma ya bustani ya kuita kwa simu, jina sitaji, wanakuja na pikipiki na bomba la mgongoni, wanajitangaza eti wanatambua wadudu na magonjwa ya maua na nyasi. Kutambua jamani! Hilo neno ndo limenikaa kooni mpaka sa hivi.

Mvua zilivyoisha isha hivi ukoka wangu wa mbele ukaanza kuwa njano, mabaka mabaka. Namwagilia asubuhi, namwagilia jioni, baka linazidi tu. Na kuku wa jirani wakawa hawabanduki pale, wanachakura kwenye mabaka, kwingine hawagusi. Nikapiga simu, akaletwa kijana mmoja nadhifu, shikamoo hamna, kasimama barazani, naapa hata ngazi hakushuka, kaangalia kwa mbali kasema "fangasi hiyo mama". Nikamwambia mwanangu si uiname kidogo, kwanini hawa kuku wako hapa tu? "Mama, mimi nimesomea haya mambo, hao kuku ndo wanakuharibia bustani." Akawafukuza kwa kandambili, tena kandambili yangu. Akapuliza, 80,000 ikaondoka, akasema niendelee kumwagilia, wiki mbili baadae karudi kapuliza tena, 80,000 nyingine.

Siku moja hasira zimenipanda nikashika nyasi nikavuta, yaani ukoka ukanyanyuka wote kama mkeka, mzizi hata mmoja hamna. Chini yake funza weupe wanene, vichwa vya kahawia, wamejikunja kama herufi C, sehemu ya ukubwa wa sahani nikahesabu 11. Ni watoto wa wale mbawakawa wanaojigonga kwenye taa ya barazani mvua zikianza. Wanakula mizizi, sasa nyasi isiyo na mizizi hata uimwagie bahari nzima itakunywa na nini? Ingekuwa fangasi wa majani ningevuta nyasi ikashikilia, na madoa ningeyaona kwenye jani lenyewe. Wangekuwa viwavi, unamwaga ndoo ya maji yenye sabuni kidogo, unasubiri, wanapanda juu wenyewe. Kazi ya dakika chache, ila lazima uiname! Kijana wa miaka ishirini na kitu mgongo unamuuma nini?

Sasa niseme ukweli nisije nikaonekana nina roho mbaya. Kwenye rozi alipatia. Ule unga mweupe juu ya majani machanga, ubwiri unga, kapuliza ukakata, majirani sa hivi wanaomba vipandikizi. Na haibiskas nayo alisema fangasi, na hapo hata kumsema nashindwa manake vile vyeusi kama masizi ni fangasi kweli, ukipitisha kidole vinatoka. Ila huyo fangasi anaota juu ya majimaji matamu yanayonata, yanayotoka kwa vidung'ata, vile vya kama pamba vilivyojibanza kwenye vikonyo, na sisimizi wanapanda na kushuka foleni kama ya Mbagala jioni kwenda kulamba. Ukipuliza masizi ukaacha vidung'ata ni sawa na kumbadilisha mtoto nguo akiwa bado kakaa kwenye tope. Kwahiyo nusu kapatia, sijui nimhesabieje. Mwenyewe nikavisugua na mswaki wa zamani na maji ya sabuni, matawi yaliyozidiwa nikakata.

Nilikuwa niwape nyota mbili, hata tatu, manake nilivyolalamika dada wa ofisini aliomba radhi vizuri na kijana akarudi, safari hii shikamoo ikatoka toka getini, akachuchumaa mwenyewe, akawapiga picha wale funza mmoja mmoja kama maharusi. Nikamkaribisha chai. Moyo ukalegea kabisa, nikasema mtoto anajifunza huyu, nani hajawahi kukosea.

Hela hawajarudisha lakini. Na juzi hapa imeingia meseji, "mpendwa mteja, muda wako wa kupuliza dawa ya fangasi kwenye nyasi umefika".

Nyota moja. Na jirani nimeshamwambia asiwafungie kuku wake.