SkELL kwa anayeandika barua za Kiingereza kazini: uzoefu wangu hapa Mtwara

Niko ofisini, katika kampuni inayosafirisha korosho ghafi kupitia bandari ya Mtwara. Wanunuzi wetu wengi wako India na Vietnam, hivyo minada ikishaanza Oktoba, barua pepe za Kiingereza haziishi mpaka mzigo wa mwisho uondoke. Sarufi tuliyosoma shuleni inatosha. Kazi iko kwenye kujua neno gani linakaa na neno gani. Kamusi ndogo ya ofisini inakupa maana ya "deadline", basi. Haikwambii kwamba wenye lugha yao husema "meet a deadline" kazi ikikamilika kwa wakati, na "miss" muda ukiwapita.

SkELL ndiyo iliyonitatulia hilo. Ni tovuti ya bure inayokuonyesha neno la Kiingereza linavyotumika na linakaa na maneno gani; hujisajili wala huombwi namba ya simu. Imetengenezwa na kampuni ya Lexical Computing, iliyoanzishwa na mwanaisimu Mwingereza Adam Kilgarriff, na ilianza kutumika 2014. Nyuma yake kuna matini ya Kiingereza yenye maneno zaidi ya bilioni moja: habari, Wikipedia, makala za kitaaluma, kurasa za kawaida za intaneti. Kwa hiyo sentensi unazosoma hazikutungwa kwa ajili ya somo. Ziliandikwa na watu waliokuwa na jambo la kusema.

Ina sehemu tatu. Ya kwanza huleta sentensi za mfano, ya tatu maneno yanayokaribiana. Mimi hushinda kwenye ya pili, "Word sketch", kwa sababu hapo neno linawekwa pamoja na wenzake: vitenzi upande huu, sifa upande ule. Sisi "kupata" linatubebea mengi. Tunapata hasara, tunapata ajali, tunapata jibu, na tukihamia Kiingereza tunabeba "get" moja kwa yote. Andika "loss" humo uone: "suffer" na "incur" ndivyo vitenzi vyake, na hicho cha pili kinafaa sana barua za mahesabu. "Accident" inataka "have". "Reply" inakubali "receive". Ukigusa neno lolote kati ya hayo, sentensi zake zinafunguka, unaona limekaaje kabla ya kulitumia.

Mvua nayo. Korosho haitaki unyevu, kwa hiyo mvua ikinyesha upakiaji husimama, na mnunuzi lazima aelezwe. Wengi hapa huandika "big rain", maana tunasema mvua kubwa. Mnunuzi ataelewa, lakini barua inayosema "heavy rain" inasomeka kama imetoka kwa mtu anayeijua kazi yake, na katika biashara ya fedha nyingi namna hii mimi naona hilo lina uzito.

Upungufu upo. Haina sauti, kwa hiyo matamshi utayatafuta kwingine. Sentensi huchaguliwa na kompyuta, na mara nyingine inakuja moja isiyoeleweka bila habari iliyoitangulia. Haikutengei Kiingereza cha Uingereza na cha Marekani. Pia haifafanui chochote kwa Kiswahili, ndiyo maana mwanafunzi wa kidato cha kwanza nisingemwanzishia hapa. Angalau awe anasoma aya ya Kiingereza bila kukwama. Istilahi za korosho nazichukua kwenye mikataba. Barua za wanunuzi siziigi ovyo, kwani wengi wao nao wamejifunza Kiingereza kama sisi.

Kwa karani, mhasibu, mwalimu wa sekondari au kijana anayeandika barua ya kuomba kazi, naipendekeza bila kusita. Tafuta jina la kitu kwanza, kisha uone vitenzi vyake. Ukianza na kitenzi kama "make" utazama kwenye orodha ndefu. Kwenye simu inafunguka vizuri, na kwa kuwa ni maandishi matupu haili bando.