Nilikuwa ndani! Uzoefu wangu na intaneti ya nyumbani, Hamburg

Nilikuwa ndani. Naomba hilo lieleweke kabla ya jingine lolote. Siku ile ya kumsubiri fundi wa intaneti nilikuwa ndani tangu alfajiri, nimeoga, nimevaa, nimekaa juu ya sanduku la nguo karibu na dirisha kwa sababu kiti bado sikuwa nacho, simu mkononi kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Kwa hiyo kampuni iliponiandikia kwamba "hatukukukuta nyumbani", damu ilinichemka, na mpaka leo haijapoa. Nyota moja. Kungekuwa na nusu, wangepata nusu.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimehamia Wilhelmsburg, mtaa wa hapa Hamburg, nimetoka kwenye chumba cha hosteli ya wauguzi, nimepata nyumba yangu mwenyewe ghorofa ya nne. Asiyejua nyumba za kupanga za huku aambiwe: mara nyingi unakabidhiwa kuta. Mpangaji aliyetoka huondoka na makabati ya jikoni, sinki, jiko, hata taa. Mimi aliniachia nyaya zinaning'inia darini kama ndevu za kambale. Na hapo umeshaweka dhamana ya kodi ya miezi mitatu. Nikanunua jiko la umeme la sahani moja, nikaliweka juu ya mashine ya kufulia. Mashine ikianza kukamua nguo, sufuria ya maharage inacheza mdumange.

Hayo yote niliyavumilia. Nilivumilia hata Jumapili ile nilipopigilia msumari mmoja, mmoja tu, bibi wa ghorofa ya tatu akapanda ngazi na fimbo yake kuja kuniambia leo ni siku ya kimya. Nilitaka kumwamkia shikamoo kwa hofu. Lakini intaneti sikuweza kuivumilia, maana mama yangu yuko Tanga, ana presha, na kila jioni lazima nimwone uso. Si kumsikia, kumwona. Mama akisema "sijambo" kwenye simu, hiyo ni habari ya nusu. Nusu nyingine iko kwenye macho na miguu kama imevimba. Na bando la simu likawa linakata kila anapotaka kuniinulia mguu nimwangalie.

Basi nikasaini mkataba wa miezi 24, wakanipa siku ya fundi: atakuja kati ya saa mbili asubuhi na saa sita mchana. Nikambembeleza mwenzangu wodini tubadilishane zamu, na deni la zamu ile nilililipa usiku wa Jumamosi, siku ambayo kila mlevi wa Hamburg huanguka na kuvunjika kitu.

Kama saa nne na nusu hivi naona gari lao linasimama chini. Moyo ukafurahi. Akashuka kijana na mkoba wake, akaenda mlangoni, akaanza kusoma kengele. Namwona kutoka juu. Kidole kinashuka kutoka jina la juu hadi la chini, kinapanda tena. Mara moja. Mara mbili. Akatoa kikaratasi, akaandika, akakitumbukiza kwenye sanduku la barua, akarudi garini. Nilifungua dirisha nikapiga ukelele ambao kule Tanga Ngamiani nzima ingetoka nje. Nikateremka ghorofa nne kwa kandambili, mvua ile ya baridi inanipiga, nikafika barabarani naona taa za nyuma zinakata kona.

Hakubonyeza kengele hata moja. Hilo ndilo linaloniuma. Kengele kumi na mbili ziko mbele yake, namba yangu ya simu anayo kwenye kazi yake, na hakubonyeza hata ya jirani kuuliza.

Nieleze mambo ya kengele, maana nyumbani hatuna msiba huu. Jengo la huku kwa kawaida halina namba za vyumba. Anwani yako ni jina lako kwenye kengele na kwenye sanduku la barua. Jina lisipokuwepo, wewe hupo. Kwetu Tanga fundi anakupigia, "Dada, nimefika hapa kwenye mwembe, nipite wapi?" Unamwambia pita kwa Mangi, ukiona msikiti umepitiliza. Akikosea, mtoto wa mtu atamleta mkono kwa mkono. Asipopata mtoto, atapiga hodi nyumba yoyote. Huku hodi imekufa, limebaki jina kwenye kibao.

Na kibao changu kilikuwa bado na jina la mpangaji aliyetoka. Haya, nitakuwa mkweli, wasije wakasema nimeficha. Nilijua. Niliandika jina langu kwa kalamu ya wino mzito, nikabandika kwa selotepu, mwandiko mzuri kabisa. Mwangalizi wa jengo akakibandua kikaratasi changu kwa sababu vibao vyote lazima vifanane, akaniambia cha kwangu kimeagizwa, kitakuja. Kwa hiyo kuna kosa langu hapo? Labda robo. Robo ndogo.

Nikapiga huduma kwa wateja. Muziki, muziki, muziki. Akapokea dada mmoja, sauti imenyooka kama rula. Nikamwambia nilikuwa ndani. Akasema fundi ameandika sikuwepo. Nikamwambia nilimwona kwa macho yangu, ana koti la bluu. Akasema mfumo unaonyesha sikuwepo. Nikauliza kwa nini hakupiga simu. "Si utaratibu." Kisha akashusha pumzi na kunisemesha polepole, neno moja moja, kama mtu anayemfundisha mtoto kuvaa viatu: hapa Ujerumani, watu huandika majina yao kwenye kengele.

Mimi nimefaulu mtihani wa Kijerumani wa wauguzi. Nawasomea madaktari ripoti kwa Kijerumani kila asubuhi. Nilikaa kimya kwa sababu nikifungua mdomo lingetoka la Kidigo. Hawa Wajerumani ndio waliokuja kwetu wakaanza kutandaza reli hapo Tanga mwaka 1893, wakaisukuma hadi Moshi, ingawa migongo ilikuwa ya babu zetu. Leo waya wa ghorofa nne umewashinda kwa ajili ya kibao. Siku nyingine ya fundi? Baada ya wiki tatu.

Wiki tatu hizo siziandiki. Mama alidhani nimeacha kumpigia kwa makusudi.

Sasa fundi wa pili. Hapa itabidi nipunguze ukali, na sipendi. Alikuja mzee, masharubu meupe, na safari hii nilikuwa nimesimama chini mlangoni tangu saa mbili kasoro, nimeshika bahasha yenye jina langu kwa herufi kubwa kama wanaopokea wageni uwanja wa ndege. Akacheka mpaka akakohoa. Tulipofika juu, kabla sijasema neno, akavua viatu. Alivivua mwenyewe, akavipanga pembeni ya mlango, akaingia na soksi iliyotoboka kidole gumba. Ndugu zangu, nilitaka kulia. Tangu nifike nchi hii sijawahi kuona fundi akivua viatu kwa mtu.

Akapima soketi ya ukutani, haina mawasiliano. Akateremka chini ya jengo kwenye boksi la nyaya, akakuta laini yangu imefungwa kwenye nyumba ya mtu mwingine. Maana yake hata yule kijana wa koti la bluu angepanda juu, bila kuteremka huko asingefanya kitu. Mzee alihangaika saa nzima na nusu, nikampa chai ya tangawizi, akaiita supu lakini akaimaliza. Taa ya ruta ikageuka kijani. Akasubiri nimpigie mama ahakikishe picha inatulia. Mama akamwona, akamwambia "Ahsante, baba." Akapunga mkono.

Siku ile ningewapa nyota tano, naapa. Nilishaanza hata kuandika sifa.

Kisha ikaja bili. Mwezi wa kwanza, na chini yake mstari mmoja: gharama ya safari ya fundi ambaye hakukuta mteja, euro 49 na senti zake. Yaani yule asiyebonyeza kengele, mimi ndiye nimlipe mafuta ya gari.

Nilishuka na karatasi kwa bibi wa ghorofa ya tatu. Ndiyo, huyo huyo wa msumari. Sikuwa na mwingine. Akavaa miwani, akasoma, akasema neno ambalo sikufundishwa darasani. Akaniketisha. Kumbe sheria ya mawasiliano ya huku, tangu mwisho wa 2021, inasema kampuni ikikosa miadi ya fundi, ndiyo inayomlipa mteja: euro 10 au asilimia 20 ya malipo ya mwezi, kinachozidi, mradi kosa lisiwe la mteja. Mimi nalipa 39 na ushee, asilimia 20 haifiki nane, basi ni kumi. Bibi akaniandikia barua, akashuhudia na yeye mwenyewe kwamba alisikia ukelele wangu dirishani siku ile. Alikuwa amepanga kunishtaki kwa kelele.

Wakajibu. Wamefuta zile 49. Na zile kumi wamenipa, lakini wameandika kwamba wamenipa kwa ukarimu wao tu, bila kukubali kosa. Ukarimu! Haki yangu mtu ananipa kama sadaka. Pesa nimepokea, nimenunulia keki, tumeila na bibi siku ya Jumapili, kimya kimya.

Kwa hiyo nyota ngapi? Intaneti yenyewe haijakata tangu siku ile, hilo siwezi kuwadhulumu. Mbili, basi. Fundi mzee apewe tano zake pembeni. Yule dada wa simu, sina la kusema.

Kibao changu kimefika juzi. Jina langu lina herufi kumi na mbili, kibao kina nafasi ya tisa, wamelikata katikati. Na jiko nililoagiza linaletwa Alhamisi, kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni. Bahasha yangu ya herufi kubwa bado ninayo.