Brashi za vijisanamu: mimi naangalia tumbo kwanza

Brashi yangu ya kwanza ya kupaka vijisanamu ilikuwa nyembamba kama sindano, namba 10/0. Muuzaji aliniambia, "Hii dada ndiyo ya macho." Kijisanamu cha milimita 28 jicho lake halifiki hata punje ya ufuta, kwa hiyo nikaona ameongea la maana. Nilichovya rangi, nikalenga, nikagusa. Hakikutoka kitu, rangi ilikuwa imekaukia njiani. Nikachovya tena, mara hii likatoka donge, na askari wangu yule ana chongo mpaka leo.

Tangu hapo nimepokea malalamiko yaleyale kutoka kwa wasomaji: rangi inakauka kwenye brashi, mistari inakatika, mkono unatetemeka. Mkono uacheni. Shida ni kwamba brashi haina tumbo.

Tumbo ni pale nywele zinapofutuka, kati ya bati linaloshika nywele na ncha, na ndimo rangi inamokaa. Rangi ya akriliki hukauka upesi mno. Brashi yenye nywele chache hubeba kitone ambacho hakifiki salama, hata ukiwa na paleti ya unyevu mezani, ile sahani inayoweka rangi isikauke. Brashi nono ya namba 1, hata 2, ikiwa na ncha inayokusanyika vizuri, inachora jicho vizuri kuliko brashi nyembamba ya 000 yoyote, maana kinachogusa ni ncha tu, na tumbo linailisha taratibu. Halafu namba hazina kipimo kimoja: namba 1 ya kampuni hii si lazima ilingane na namba 1 ya ile. Mambo ya mpini siyazungumzii, kila mtu na vidole vyake.

Kati ya ninazozipendekeza, ya kwanza kwangu ni Raphaël 8404, saizi namba 1. Napendelea, ndiyo, na sioni haya. Nywele zake ni ndefu kidogo na tumbo limeshiba. Unaweza kupaka mkunjo mzima wa joho bila kurudi kwenye paleti, kisha ukamalizia kope za jicho kwa brashi hiyohiyo. Wengine wanasema inalegea mkononi. Mimi nasema ukishaizoea, hizo nyingine zitakuwa kama vijiti.

Ya pili ni Series 7 ya Winsor & Newton. Hii imekuwepo tangu 1866, ilipotengenezwa kwa ajili ya Malkia Victoria wa Uingereza, aliyekuwa akichora kwa rangi za maji na kupenda namba 7. Ni ngumu kidogo kuliko 8404 na inatii sana. Ila soma lebo mara mbili! Ipo Series 7 ya kawaida na ipo iliyoandikwa "Miniature". Jina hilo linakuita kabisa wewe mpakaji wa vijisanamu, kumbe nywele zake ni fupi na hubeba rangi kidogo, yaani ugonjwa uleule tunaoukimbia. Chukua ya kawaida.

Series 33 ya Rosemary & Co na Maestro 10 ya Da Vinci nazipanga pamoja nafasi ya tatu. Ukizipata kirahisi kuliko hizo mbili, hutajuta.

Za sintetiki? Nunua moja ya rangi ya kwanza na rangi za metali. Ncha itajikunja kama ndoana, hiyo ndiyo tabia yake. Basi.

Sasa niseme kuhusu bei, maana inaniuma. Brashi nne nilizozipanga juu kwa majina ni za kolinsky, yaani nywele za mkia wa kicheche wa Siberia. Mnyama huyo yumo katika Kiambatisho cha III cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, hivyo kuna makaratasi mipakani, na gharama hiyo naielewa. Nisichokielewa ni muuzaji anayebandika neno "kolinsky" kwenye seti ya brashi kumi za nyuzi za plastiki, kisha anaongeza bei kwa sababu ya neno hilo.

Na hawataki ujaribu. Brashi mpya hugandishwa kwa gundi nyepesi ili ifike salama, kwa hiyo kwenye picha kila moja ina ncha kali. Ukweli unauona ukishaiosha: ilowanishe, ikung'ute mara moja, na ncha irudi yenyewe bila kuisaidia kwa vidole. Ikipasuka vipande viwili, hiyo si yako. Niliwahi kuomba kikombe cha maji dukani nifanye hivyo. "Ukishalowesha, umeshanunua," akanijibu. Nikamrudishia brashi yake ikiwa kavu na gundi yake.