Prosesa yangu waliing'oa kama jino, halafu wakanidai hela ya ufundi

Naandika hasira bado hazijaisha, mnivumilie. Duka silitaji jina. Liko mjini kati hapa Dodoma, kwenye hizi barabara zetu za namba, na wanaojenga kompyuta za gemu wengi watakuwa wameshalijua.

Kadi ya grafiksi niliagiza Kariakoo, pawa saplai na kasha nilikuwa navyo. Kwao nilifuata vitu viwili tu: prosesa, Ryzen 5 5600, na mazabodi ya kuiweka, aina ya B450. Nikamuuliza fundi wao mkuu, watu wanasikia, "Kaka, hii B450 itaikubali hii prosesa?" Akajibu macho yakiwa kwenye simu: "Soketi ni ile ile, AM4. Itaingia."

Kuingia iliingia. Kuwaka haikuwaka.

Feni zinazunguka, skrini nyeusi tii, na kwenye mazabodi kitaa chekundu kimeganda pembeni ya herufi CPU. Sasa mtu anayeuza vitu hivi kila siku atakosaje kujua? B450 zilitoka 2018. Ryzen za 5000 zimeanza kuingia sokoni mwishoni mwa 2020, na hii 5600 yenyewe ni ya 2022. Mazabodi iliyokaa stoo tangu zamani ina BIOS, ile programu ya ndani inayoiamsha kompyuta, ambayo haijawahi kuisikia prosesa hiyo, hata kama matundu yote yanalingana. Inasasishwa BIOS, mambo yanaisha. Boksi ambalo limeshasasishwa kiwandani kwa kawaida linakuwa na stika ya kusema liko tayari kwa Ryzen 5000. La kwangu halikuwa na stika yoyote, na aliyelishika mkononi akaniapia kwamba halina neno ni yeye.

Nikarudi dukani na kasha langu kwenye bajaji, vumbi la Dodoma mnalijua. Nimeanza tu kueleza, yule fundi mkuu akanikatisha.

"Dada, mwenye kompyuta yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

"Namaanisha anayeitumia. Mwambie shemeji aje, tutaelewana naye."

Shemeji yupi? Sina mume, na hata ningekuwa naye asingeigusa. Wateja wawili watatu wakacheka. Nikanyamaza kwa sababu mali yangu ilikuwa mezani kwake, na hilo la kunyamaza ndilo linaloniuma hadi leo kuliko hela.

Halafu akafungua kasha. Hapa naomba msome polepole. Kwenye AM4 pini ziko kwenye prosesa yenyewe, zaidi ya 1,300, nyembamba kweli kweli. Ile grisi ya kupitisha joto ikishaganda, feni na prosesa vinashikana, kwa hiyo unaizungusha feni kidogo huku na huku mpaka iachie yenyewe. Yeye alifungua skrubu, akaikamata kwa mkono mmoja, akavuta. Ikatoka na prosesa inaning'inia chini yake, wakati kile kimkono cha soketi bado kimefungwa! Akaibandua, akaipangusa grisi kwenye suruali (suruali, jamani), akaigeuza kwenye mwanga, akanionyesha kona moja.

"Unaona? Umekuja nayo imepinda."

Mbele ya macho yangu. Na risiti yenyewe, ya kuandika kwa mkono, ina muhuri wa mali ikishauzwa hairudishwi.

Kama habari ingeishia hapo ningewapa nyota sifuri na laana juu. Ila pale ndani kulikuwa na kijana wa fildi, mwanafunzi wa chuo, ambaye muda wote alikuwa anafagia nyaya. Bosi, huyo huyo fundi mkuu, alipotoka kwenda kula akaja akaniambia taratibu, "Dada, samahani, hebu niione." Akachukua kalamu ya risasi ya kubonyeza, akatoa risasi yote, ule mdomo mtupu akauvalisha pini moja, akainyanyua kidogo kidogo. Ikaja nyingine. Alikuwa anazuia pumzi. Akilaza prosesa usawa wa jicho, anatazama mstari mmoja mmoja, anarudi tena. Zikanyooka zote.

Akatafuta Ryzen 5 2600 kuukuu kwenye boksi la mabaki, akaipachika, mazabodi ikawaka bila ubishi. Akapakua BIOS mpya, akaiweka kwenye flashi, akachomeka kompyuta kwenye UPS, ile betri ya akiba, kwanza, maana umeme ukikatika katikati ya zoezi hilo mazabodi inaweza kufa moja kwa moja. Asilimia zinapanda, mimi nasali. Nani anaingia? Bosi, ameshiba, na mashine yake ya kupulizia vumbi, anaichomeka kwenye UPS hiyo hiyo! UPS ikaanza kulia. Kijana aliruka akachomoa waya wa mashine kabla sijafungua mdomo. Bosi akamwuliza ana wazimu gani.

Basi, prosesa yangu ikarudishwa mahali pake, ikawaka. Tangu hapo haijanisumbua, nacheza FC, gemu la mpira, usiku baada ya kazi na haikwami hata kidogo. Kwa hiyo niseme nini? Vitu vyao ni halisi, hilo siwanyimi, na bei zao zinakaribiana na za Dar ukijumlisha nauli ya mzigo. Nyota tatu basi. Nendeni, ila mkague stika kwenye boksi wenyewe, na kama unachukua Ryzen 7000 na mazabodi ya AM5, ile soketi mpya, kumbuka RAM zako za DDR4 haziendi kule, usisubiri yeye akwambie.

Hapana, nimeghairi, ibaki moja. Hiyo moja ni ya kijana, na nimesikia ameshamaliza fildi yake, kwa hiyo sijui mtamkuta nani wa kuwanyooshea pini. Maana wakati naondoka bosi aliniita kaunta akanidai elfu ishirini ya ufundi. Ufundi wa nani? Nikalipa, kasha langu lilikuwa upande wake. Kijana nikampa yake pembeni. Ila ile elfu ishirini nawadai, na kama unasoma hapa, kaka, shemeji hajafika bado, nirudishie mwenyewe.